Daraja la Gitaa la Nestori

Kila wiki kuna kijana ananitumia picha ya gitaa kwenye simu. Limepasuka mgongo, nyuzi mbili hazipo, limebandikwa stika ya timu ya mpira, halafu chini ameandika: "Shikamoo mzee, hili ni la kale, naweza kuliuza bei gani?" Marahaba mwanangu. Hilo si la kale, hilo ni bovu. Kuna tofauti. Hata mimi ni wa kale, lakini magoti yangu bado yanakunjika.

Najua kinachowasumbua. Mmesikia kwamba hapa Shinyanga liliuzwa gitaa moja la maana, na kwamba aliyeliuza ni mimi, Shija fundi, mwenye ile karakana iliyokuwa njia ya kwenda Ibadakuli. Ni kweli. Bei sitawaambia, maana bei ni siri ya muuzaji na mnunuzi, na mimi nilikuwa katikati tu. Nitawaambia jinsi nilivyoifanya kazi ile sawasawa kama nilivyofundishwa, kisha nikaiharibu kwa makusudi, kwa mikono hii hii, kwa sababu ya wivu. Nasema wivu, sisemi shetani. Shetani watu wanamsingizia mengi.

Kwanza mlijue gitaa lenyewe. Magitaa mnayopiga ninyi kifua chake ni bapa, kama ubao wa kukatia mboga, na kina tundu la mviringo katikati. Lile lilikuwa la ukoo mwingine. Kifua kilichongwa kutoka kwenye ubao mnene mpaka kikabinuka, mgongo nao umebinuka, na badala ya tundu moja lina matundu mawili marefu yaliyopinda, kama fidla. Rangi ni kahawia ya kuungua pembeni, inakwenda ikigeuka asali kadiri unavyosogea katikati. Nyuzi hazifungwi kifuani. Zinapita juu ya daraja, zinakwenda kushikwa na kipande cha chuma kule kwenye kitako. Na daraja lenyewe, hapa sikilizeni, halina gundi. Limesimama tu, limekandamizwa na nyuzi. Ukizilegeza zote kwa pamoja linadondoka mkononi mwako kama jino la mtoto.

Hilo nililijua kwa aibu. Nilikuwa mtu mzima tayari, nina mke, ndiyo kwanza nimeanza kujifunza kwa marehemu Fundi Ramadhani. Yeye alikuwa seremala, mtu wa msikitini, lakini vinanda vya makanisa yote ya hapa mjini alivitengeneza yeye. Siku moja akaletewa lile gitaa libadilishwe nyuzi. Akatoka kwenda kuswali, mimi nikaona nimsaidie. Nikalegeza nyuzi zote sita. Daraja likaanguka. Nikajisemea, ona mambo ya wazungu, hata gundi wamesahau. Nikapaka gundi ya mbao, nikalibana vizuri, nikaenda kula.

Fundi Ramadhani aliporudi alilitazama, akakaa kwenye kigoda chake, akavua kofia. Akaniambia, "Shija, leo umempigilia ng'ombe misumari kwenye kwato ili asipotee." Ilinichukua siku mbili kulibandua kwa maji ya moto na kisu cha mezani. Kikabaki kikovu kidogo kifuani pale.

Mwenye gitaa alipokuja ndiyo nikamwona kwa mara ya kwanza. Kijana mwembamba wa Masumbwe, anaitwa Nestori. Baba yake alikuwa mpishi wa mzungu mmoja kwenye mgodi wa almasi, na yule mzungu alipoondoka alimwachia mpishi sufuria, blanketi, na hilo gitaa. Mzee hakujua kulipiga. Mtoto akajua. Wakati ule Nestori alikuwa anapiga solo kwenye bendi za dansi, watu wanaacha bia mezani wanakwenda kusimama mbele yake.

Nilidhani atanirukia. Wala hakunirukia. Fundi Ramadhani alimpa gitaa na lile daraja, akamwambia alirudishe mwenyewe mahali pake. Nestori akafumba macho. Akawa anagonga uzi, anasogeza daraja kidogo sana, upana wa ukucha, anagonga tena. Hakuwa na rula wala alama. Mara akaacha. Fundi Ramadhani akachukua rula yake ya chuma, akapima, akacheka peke yake. Halafu akanigeukia akasema jambo ambalo nimelibeba miaka zaidi ya thelathini: "Huyu ana sikio. Wewe una mikono."

Alikuwa ananisifu. Mimi nikasikia tusi.

Basi nikawa fundi, na fundi kweli. Nimechonga shingo za magitaa kwa mninga, nimewamba ngoma, nimefufua vinanda vilivyoliwa na mchwa. Kabla nyuzi za dukani hazijajaa mjini tulikuwa tunachambua waya wa breki ya baiskeli, na zilikuwa zinalia. Bendi zilikuja, kwaya zilikuja, wachimbaji wa Nyarugusu waliopata dhahabu kidogo na kutaka kuwa wanamuziki walikuja. Wote niliwatengenezea. Ila kupiga nilishindwa. Vidole vinavyoweza kupitisha tupa kwenye mpingo bila kutikisika, nikivibana kwenye nyuzi vinakuwa kama vya mtu mwingine. Najua wimbo mmoja, na huo nao naupiga vibaya.

Nestori kila mwaka aliniletea gitaa lile nilikague. Kiangazi cha kwetu kinapasua mbao, hilo mlijue. Dawa yake si mafuta, wala si rangi. Chukua kibati cha sabuni, kitoboe matundu, weka ndani kitambaa chenye unyevu, kiweke ndani ya kasha pamoja na gitaa. Hayo nilimfundisha mimi. Na nyuzi usizitoe zote kwa mpigo, toa mbili, weka mbili, daraja lisihame. Kazi hiyo ni ya nusu saa. Mimi nilimwambia wiki. Wiki nzima nalo karakanani, nalifuta, nalipakata, naupiga ule wimbo wangu mmoja. Kisha anakuja mwenyewe, anakaa kwenye kigoda kile kile, anapiga kujaribu, na wateja wangu wote wanageuka. Nilikuwa namwona kama mtu anayekuja kunichukulia mke mchana kweupe, na mimi ndiye niliyemchana huyo mke nywele.

Sasa tuje kwenye kuuza.

Nestori alipozeeka aliacha dansi, akarudi Masumbwe, akawa mwalimu wa kwaya parokiani. Mwaka juzi akanipigia simu. Viungo vya vidole vilikuwa vimevimba na kukakamaa, hata kifungo cha shati anafungwa na mkewe, Mama Kabula. Akasema, "Shija, niuzie gitaa langu."

Nikamjibu kabla hajapumua, "Nanunua mimi."

Nikasikia kuku wanalia upande wa kwake. Akasema, "Hapana, Shija. Wewe utalitundika."

Pale ukutani kwangu nilikuwa na magitaa kumi na moja yametundikwa. Na yeye alisema bila ubaya, kama mtu anavyosema leo kuna mawingu. Akaendelea: "Mtafute mtu anayepiga. Na awe tayari kuja kwangu Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya misa, anipigie. Vidole vimekufa, masikio bado ninayo. Hicho tu ndicho ninachotaka."

Wanaonunua kitu cha namna hiyo ni wa aina tatu. Wa kwanza anataka kionekane. Alikuja mwenye nyumba ya wageni, akataka alipigilie ukutani mapokezi, akauliza kama ninaweza kulipaka vanishi ling'ae. Nikamwambia ukimpaka bibi kizee poda ya bintiye, bado hachezi. Wa pili anataka kukigeuza. Alikuja mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, akataka nilitoboe kifua lile gitaa nitie spika. Nilimwonyesha mlango kwa adabu. Wa tatu hasemi chochote, anaomba tu alishike. Huyo ndiye mnunuzi. Fundi Ramadhani alipenda kusema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na maana yake kwa muuzaji ni kwamba mnunuzi wa aina ya tatu akifika, funga mdomo.

Wa tatu alikuwa Veronika. Binti wa Nyarugusu, baba yake alimwachia karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na anaiendesha mwenyewe. Alikuja na vumbi la mawe hata kwenye nyusi. Akaniamkia, akanawa mikono mpaka viwiko bila kuambiwa, akalichukua. Alilitazama shingo kwa jicho moja, kama anayetazama ubao kama umepinda. Akaugonga mgongo kwa kidole akasikiliza. Alikuwa amejifunzia gitaa kanisani, la umeme, la kuazima. Kisha akapiga.

Siwezi kuwaeleza. Nilikuwa nimeshika tupa, nikaiweka chini. Nilikuwa nimejiandaa kumwonea wivu Nestori mpaka kaburini, hilo nilishalizoea. Sikuwa nimejiandaa kuanza upya na mtoto wa juzi, mwenye kucha zilizovunjwa na mawe. Nikamwambia, "Unapiga vizuri, mwanangu." Kinywa kikasema hivyo. Roho ilikuwa inawaka.

Tulikwenda Masumbwe kukabidhiana. Nestori alimsikiliza Vero akipiga, akawa anatikisa kichwa taratibu, na machozi yakamtoka bila yeye kujali. Mambo yakaisha. Mama Kabula akaleta soda. Ndipo Nestori akatania, "Haya, ng'ombe kaenda. Na kamba?"

Kwetu wafugaji, ukiuza ng'ombe unamvua kamba, unabaki nayo. Mnunuzi anakuja na ya kwake. Kamba ikiondoka na ng'ombe, baraka ya zizi imeondoka nayo. Nestori alikuwa anacheka tu. Lakini mimi nilisikia mlango umefunguka. Nikasema, na uso wangu mkavu kabisa, "Ni kweli. Gitaa la urithi si kitu cha kutoa bila kubakiza kamba. Na kamba ya hili ni daraja. Ndilo linaloweza kuvuliwa."

Mtu wa mahali pengine angecheka, akachukua gitaa lake akaenda. Vero ni mtoto wa wafugaji. Akaitikia, "Hata baba hakuacha kamba yake hata siku moja. Ni sawa. Mzee Shija atanichongea jingine."

"Nitachonga," nikasema.

Nestori akafikiri kidogo. Akasema basi litunzwe kwangu, maana pale kwake wajukuu wataligeuza gari la kuchezea. Nikalivua pale pale, la mbao nyeusi kama mpingo, nyayo zake zimechongwa kufuata mbinuko wa kile kifua kiasi kwamba hata karatasi haipiti. Nikalitia mfukoni mwa shati. Miaka thelathini, hatimaye nina kipande.

Jingine nililichonga wiki ile ile, na hapa nataka mafundi mnielewe vizuri. Daraja la gitaa kama hilo ukitaka likae, unabandika msasa juu ya kifua, unalisugua daraja juu yake polepole mpaka nyayo zinalingana na mbinuko. Ni kazi ya kutwa nzima. Mimi sikusugua. Nililichonga kwa mninga, nene, zuri kwa macho, nikaacha chini yake uwazi mwembamba ambao mtu haoni asipotia mwanga kwa nyuma. Kisha nilipolisimamisha nikalisogeza upande wa kitako, upana wa ukucha. Uzi ukiwa wazi, unalia sawa. Ukibana huku juu shingoni, sauti inapwaya, inashuka kidogo sana. Na lote kwa jumla likawa kama mtu anayeimba akiwa na shuka mdomoni.

Vero akalijaribu, akakunja uso. Nikamwambia, "Gitaa la kale lazima likuzoee." Uongo wa kipuuzi. Akaamini, kwa sababu aliyesema ni fundi.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Atachoka, atalirudisha, Nestori atakata tamaa, na litabaki kwangu. Nitalirudishia daraja lake, nitalitundika au nitalipakata, itakuwa shauri langu.

Mwezi wa kwanza Vero alikwenda Masumbwe akapiga. Nestori hakusema kitu. Mwezi wa pili akamwuliza kama limetyuniwa. Vero akatoa simu. Siku hizi mnatyuni kwa simu, unagonga uzi, taa ya kijani inawaka, mmemaliza. Akagonga nyuzi zote sita zikiwa wazi, kijani, kijani, kijani. Nestori akauliza, "Na daraja, liko mahali pake?" Vero akajibu kwamba Mzee Shija aliliweka mwenyewe. Nestori akasema, "Basi hapo hapana neno."

Haya yote alinisimulia Vero kwenye simu. Na mwezi wa tatu akanisimulia mengine. Mzee amemwambia, mwanangu, wewe unapiga vizuri, ni masikio yangu yanayokufa. Anasikia sauti zinashuka wakati simu inasema zimesimama. Vero akasema labda ni vidole vyake mwenyewe. Mzee akasema hapana, ni masikio. Wakawa wanagombania kosa, kila mmoja anajivutia kwake. Kwangu hakuna aliyefika.

Nilifurahi. Nataka mjue hivyo. Nilikata simu nikajimiminia chai na nikaongeza sukari. Nestori mwenye sikio. Fundi Ramadhani angekuwapo amwone.

Kabla ya Jumapili ya mwezi wa nne Vero akapiga tena. Akasema, "Babu, naona nilirudishe kwako ulitafutie mtu mwingine. Mimi sifai, na mzee namtesa tu. Ameacha kwaya."

"Ameacha?"

"Amemwambia padri kwamba mwalimu kiziwi ni sawa na dereva kipofu. Siku hizi anakaa benchi la nyuma kabisa. Wakianza kuimba, anatoka nje."

Nikamwambia alilete Masumbwe hiyo Jumapili, nitalichukua hapo hapo. Nitakuwa mwongo nikisema nilimhurumia. Nilichukua basi asubuhi na mapema na lile daraja la kweli mfukoni, na sikulichukua ili nitubu. Nililichukua ili nikishalipata gitaa nilirudishie hata njiani, nisikilize linavyolia, nikiwa peke yangu, likiwa langu.

Nilimkuta Nestori amekaa sebuleni, shati limefungwa vifungo kombo. Alikuwa amepungua. Aliongea kwa sauti ya juu, kama viziwi wanavyoongea, na hakuwa kiziwi. Alikuwa amejifunza uziwi. Vero akatoa gitaa akasema apige mara ya mwisho. Akapiga wimbo wa kanisani, mzuri, mwepesi, na kila alipopanda juu shingoni sauti ikapwaya. Nilikuwa nimekaa hatua mbili tu. Ilikuwa kazi yangu, niliisikia yote. Nestori alikuwa anamtazama Vero mdomoni na mikononi, kama anataka kusikia kwa macho.

Vero alipomaliza, Nestori akanigeukia. Akasema, "Shija, niambie wewe. Nina imani na sikio lako. Linalia sawa au halilii?"

Maisha yangu yote nilikuwa nasubiri mtu aseme maneno hayo. Nina imani na sikio lako. Na aliyeyasema ni yeye. Ningesema "linalia sawa", yangekwisha. Vero angenipa kasha, ningepanda basi la saa nane. Nilifungua mdomo, na neno lile, sawa, halikutoka. Si kwamba nilikuwa mwema. Nilikuwa nimeulizwa ninachosikia, kwa mara ya kwanza, na nilikuwa nasikia.

Nikasema, "Halilii. Linashuka huku juu. Masikio yako ni mazima."

Nikatoa lile daraja mfukoni nikaliweka mezani. Nikamwomba Vero gitaa, nikalegeza nyuzi, nikalichomoa la mninga, nikasimamisha lile jeusi, nikakaza. Nikalisogeza, nikagonga, nikalisogeza. Nestori akasema, "Mbele kidogo." Nikalisogeza. "Kidogo tena. Hapo." Sikupima kwa rula.

Vero akapiga ule ule wimbo. Sauti ilijaa chumba chote, na Mama Kabula akatokea mlangoni ana mwiko mkononi. Nestori alifumba macho, akasikiliza mpaka mwisho kabisa, mpaka uzi wa mwisho uliponyamaza wenyewe. Kisha akaniuliza, na safari hii kwa sauti yake ya kawaida:

"Ulilifanya makusudi?"

"Makusudi."

"Kwa nini?"

"Wivu, Nestori. Nimekuonea wivu tangu kwa Fundi Ramadhani. Huyu mtoto nimemwonea wivu tangu siku aliponawa mikono."

"Ulijua nimeacha kwaya?"

"Niliambiwa siku tatu zilizopita."

"Na siku tatu hizo ulikuwa wapi?"

Vero alikuwa ananitazama namna ambayo sijawahi kutazamwa na mtu wa umri wake. Nilisimama niondoke. Nestori akaninyooshea mkono wake uliokakamaa. Nikadhani ananipa mkono wa kusameheana, nikaupokea. Hakuwa na habari na mkono wangu. Akasema, "Hilo la mninga. Nipe mimi. Ng'ombe wangu amekwenda na kamba yake, sasa lazima nibaki na kitu."

Nikampa. Akaligeuza akapitisha kidole gumba kule chini, pale nilipoacha uwazi. Akasema, "Wewe una mikono mizuri kweli." Akalitia mfukoni.

Nilirudi mjini nikayashusha yale magitaa kumi na moja ukutani, nikayagawa kwa wanaopiga, nikafunga karakana. Vero analo lake mpaka leo, na kila akipata nafasi kwenye karasha analipiga. Nestori amerudi kwenye kwaya. Anawasimamisha waimbaji katikati ya wimbo na kumwonyesha kidole aliyekosea, na hajakosea hata mara moja.

Mtauliza kama tunaongea. Tunaongea. Jumapili ya kwanza ya mwezi nami nakwenda, hakuna aliyenialika wala aliyenifukuza. Vero anapiga, Nestori anasikiliza, na mimi wivu bado ninao, umekaa pale pale kifuani, msidhani kukiri kunautoa. Kabla Mama Kabula hajaleta chai, Nestori anaingia chumbani, anatoka na lile daraja langu la mninga, analiweka mezani kando ya kikombe changu. Analiweka tu, kisha tunakunywa, na tukimaliza analirudisha chumbani.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Nestori, zaidi ya mwaka sasa. Si uliondoe?"

Akanimiminia chai mwenyewe, kwa mikono ile, nusu ikamwagikia sahanini. Akasogeza kikombe mbele yangu, na daraja akaliacha palepale.

"Kunywa, Shija," akasema. "Inapoa."